Dondoo Muhimu: Injini ya Pikipiki ya Majini Katika Mashua ya Alumini

Fundi wa Mosocho aliyeazimia kuishusha mashua yake Homa Bay, ikisukumwa na pampu badala ya rafadha, tunamuusia haya:

• Kabla ya kukata sakafu, imarisha mbavu za chini, kwani bati jembamba halistahimili uzito wa injini wala msukumo wa pampu.

• Mdomo wa pampu ulingane barabara na kitako cha mashua, kwa maana pampu ivutayo hewa huzunguka bure.

• Gugumaji la Ziwa Victoria, ambalo mizizi yake ni kama singa za nywele, huuziba mdomo huo. Basi zima injini kabla hujatia mkono kulichomoa gugu hilo.

• Mvuke wa petroli hutuama chini. Fungua kifuniko cha injini utoke, ndipo uwashe.