Mshindi na Mwenziwe Aliyeshindwa

Somo la mwezi. Yasomwe kwanza: 2 Samweli 1:17–27, Mithali 24:17–18, Warumi 12:9–16.

Mwezi huu twawaletea somo lililo geni kidogo, maana latoka katika viwanja vya michezo vya Marekani. Msishangae. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho hakuona haya kutwaa mifano yake kwa wapiga mbio na wapigana ngumi, nasi twamfuata katika hilo. Tena vijana wetu siku hizi huyaona mambo ya viwanja vya mbali katika simu zao, na yale wayaonayo huyaiga, mema na mabaya pamoja. Ni afadhali tuyapime pamoja nao kuliko kuwaachia wayapime peke yao.

Mpira wa Kimarekani si ule tuujuao sisi. Una umbo la yai, nao huchukuliwa mikononi. Mguu huugusa mara chache, ingawa wenyewe huuita mpira wa miguu, wala hatuwezi kuwakataza. Watu kumi na mmoja kila upande, wamevaa kofia ngumu, hupigania uwanja wenye urefu wa yadi 100, na aufikishaye mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wenziwe huipatia timu yake alama 6. Haya yatosha kwa somo letu.

Jambo la kufahamu zaidi ni hili: katika nchi ile mchezo huu una nafasi kubwa sana katika vyuo vikuu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan huingiza watu zaidi ya 107,000, na ule wa Ohio State zaidi ya 100,000. Karibu kila chuo kina hasimu wake, mara nyingi jirani, ambaye hukutana naye mara moja kila mwaka, na siku hiyo ni kubwa kuliko siku nyingine zote. Baba humrithisha mwanawe ushindani huo kama shamba. Na kila chuo kina desturi zake za kushangilia ushindi.

Nyingi za desturi hizo hazina dhara. Katika mji mdogo wa Northfield, jimbo la Minnesota, viko vyuo viwili vilivyotenganishwa na mto: Carleton upande wa mashariki, na St. Olaf juu ya kilima cha magharibi. Hicho cha pili ni ndugu zetu, maana kilianzishwa mwaka 1874 na Walutheri waliohamia huko kutoka Norwe. Tangu mwaka 1931 vyuo hivyo hushindania mbuzi wa kuchongwa kwa mti. Tena katikati ya mji upo mnara wa ukumbusho wa wale waliopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na juu yake amesimama tai. Chuo kikishinda, tai hugeuzwa akitazame. Basi mwaka mzima aliyeshindwa apitapo sokoni humwona tai amempa kisogo. Ni mzaha, nao waweza kuvumilika.

Lakini mzaha una mpaka, na mpaka huo si mbali. Huko Auburn, katika jimbo la Alabama, palikuwa na mialoni miwili mikubwa mahali paitwapo Toomer's Corner. Kila timu yao iliposhinda, watu walikusanyika hapo usiku na kurusha karatasi za chooni juu ya matawi hata miti ikawa myeupe kama imevikwa kanzu. Mwezi wa Novemba 2010 Auburn waliwashinda mahasimu wao wa Chuo Kikuu cha Alabama kwa alama 28 kwa 27. Mtu mmoja mshabiki wa Alabama hakuweza kulivumilia jambo lile. Akaenda akaitilia miti dawa kali ya kuua magugu, kisha akapiga simu katika mazungumzo ya redio akajisifu. Wataalamu walijitahidi kuiponya wasiweze. Mwaka 2013 mtu yule alihukumiwa, na mwezi wa Aprili mwaka huohuo miti ikakatwa. Mingine ilipandwa mwaka 2015.

Tungekoma hapo tungeondoka na huzuni tu, lakini liko neno la pili. Habari zilipoenea, washabiki wengine wa Alabama, watu wa upande uleule wa mwenye kutia sumu, walichanga fedha kusaidia miti ya hasimu wao. Hawakuacha kuipenda timu yao. Waliona tu kwamba jirani yao amedhulumiwa, na aliyemdhulumu amevaa nguo za rangi yao.

Sasa twaja kwenye siku mbili ambazo twataka mziweke kando kwa kando.

Ya kwanza ni tarehe 30 Novemba 2024, huko Columbus, nyumbani kwa Ohio State. Michigan na Ohio State walikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1897, na hakuna hasimu watajwao kuliko hao. Siku ile karibu watu wote walidhani Ohio State watashinda kwa mbali. Walakini Michigan walishinda 13 kwa 10, kwa mpira uliopigwa kwa mguu kati ya milingoti zikiwa zimebaki sekunde 45. Ushindi mzuri wa wanyonge! Lakini kengele ya mwisho ilipolia, baadhi ya wachezaji wa Michigan walichukua bendera yao kubwa wakaenda katikati ya uwanja wa wenyeji waisimike juu ya alama ya chuo chao. Wenyeji wakarudi mbio. Ngumi zikaanza, bendera ikang'olewa, na polisi wakapuliza dawa ya pilipili machoni mwa vijana. Shirikisho la Big Ten lilikitoza kila chuo faini ya dola 100,000.

Mchezaji mmoja wa Michigan alisema baadaye kwamba wenzao hawana budi kujifunza kushindwa. Neno lake ni kweli. Ila twauliza: na mshindi je, yeye hana la kujifunza? Kushindwa kuna walimu wengi. Kila mtu amefundishwa nako tangu utoto. Kushinda hakuna anayetufundisha, maana sote twadhani twakujua. (Tena majira ya furaha ni mafupi: mwezi wa Januari 2025 Ohio State haohao walikuwa mabingwa wa nchi nzima.)

Siku ya pili ni tarehe 14 Desemba 2024, majuma mawili kamili baadaye, huko Landover, Maryland. Hapo walikutana vyuo viwili vinavyofundisha maofisa wa majeshi ya Marekani: West Point cha jeshi la nchi kavu, na Annapolis cha jeshi la majini. West Point walikuja na kichwa kilichoinuka. Walikuwa wameshindwa mara moja tu mwaka ule, na siku nane kabla walitwaa ubingwa wa shirikisho lao. Annapolis wakawapiga 31 kwa 13.

Mchezo ulipokwisha hakuna aliyesimika bendera. Timu zote mbili zilikwenda pamoja, washindi na washindwa, mpaka mbele ya wanafunzi wa West Point. Hapo wote wakasimama wima, na wimbo wa chuo kilichoshindwa ukaimbwa. Washindi wamesimama kimya kando ya wale waliokuwa wakiwaangusha chini muda mfupi uliopita. Kisha wote wakavuka uwanja mpaka kwa wanafunzi wa Annapolis, na wimbo wa washindi ukaimbwa, nao walioshindwa wamesimama kwa heshima ileile. Ndivyo ilivyo kila mwaka. Kwa sababu hiyo wanafunzi wa vyuo hivyo, watakapo kusema, “Tutashinda,” husema tu kwamba wataimba wa pili. Angalieni, ndugu: jina la ushindi kwao ni kungoja.

Mtu asidhani kwamba watu hao ni malaika. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa mwaka 1890, nao Annapolis walishinda 24 kwa 0; na baada ya ule wa mwaka 1893 ugomvi ulikuwa mkubwa hata husimuliwa kwamba jenerali mmoja na admirali mmoja walikaribia kupigana kwa silaha. Wakubwa wa serikali wakauzuia mchezo, usichezwe tena mpaka mwaka 1899. Hata leo huibiana mbuzi, maana mbuzi ndiye mnyama wa Annapolis. Mwaka 2021 vijana wa West Point walikwenda kumwiba wakamchukua asiye yeye, mzee wa pembe moja aliyekwisha kustaafu. Twacheka, na wao walicheka pia, ingawa nadhani wakubwa wao hawakucheka sana.

Basi heshima ile haikutoka katika upole wa asili yao. Yatoka wapi? Twaona sababu moja kubwa. Vijana wale, wakiisha kuhitimu, wote huingia katika utumishi wa nchi moja. Aliyemwangusha mwenziwe Jumamosi aweza baada ya miaka michache kumtegemea kwa uhai wake. Kijana Dennis Michie, aliyeianzisha timu ya West Point mwaka 1890, aliuawa vitani huko Kuba mwaka 1898. Anayejua kwamba hasimu wake wa leo ni askari mwenziwe wa kesho hawezi kumtemea mate. Nasi tulio wa mwili mmoja katika Kristo, tunaopokea mkate mmoja na kikombe kimoja, je, ujuzi huo ni mdogo kwetu kuliko kwao?

Sasa fungueni 2 Samweli, sura ya kwanza. Sauli amekufa katika mlima wa Gilboa. Amemwinda Daudi miaka mingi kama mnyama wa porini, na sasa njia ya kiti cha enzi ni wazi. Kijana mmoja aja mbio na taji ya mfalme mkononi, akitumaini tuzo. Daudi afanya nini? Ararua nguo zake, afunga mpaka jioni, kisha atunga maombolezo, naye aagiza wana wa Yuda wafundishwe. Katika maombolezo hayo amtaja Sauli kwa sifa zake. Mikuki aliyomtupia haimo hata mmoja. Kisha geuzeni ukurasa. Ni katika sura ya pili, mstari wa nne, ndipo watu wa Yuda walipomtia Daudi mafuta kule Hebroni. Aliimba wimbo wa mwenziwe kwanza. Wake ulikuja baadaye.

Walimu wa darasa la Biblia wanaweza kuuliza hapa: Je, Daudi alijifanya tu? Swali ni zuri, wala wasilikimbie. Hata huko Landover huenda wako wachezaji wanaosimama mbele ya wenzao na moyo uko kwingine, kwa kuwa desturi yawaamuru. Sisi twasema: na iwaamuru. Martin Luther alipoeleza amri ya tano katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 hakuridhika na mikono isiyoua. Alitutaka tumsaidie jirani katika mahitaji ya mwili wake. Hakusema tungoje mpaka moyo utakapopenda. Mara nyingi miguu hutangulia kufika kwa jirani, na moyo hufuata nyuma polepole.

Tuna sababu ya kuandika haya, nasi twaikiri. Miaka kadhaa iliyopita kwaya ya usharika tuliokuwa tukiuchunga ilishinda katika mashindano ya jimbo, ikapewa ngao. Kwaya ya pili ilikuwa ya usharika jirani. Katika kurudi, dereva wa lori alipita katikati ya kijiji chao, si njia yetu, akipiga honi, na waimbaji wakiimba na kuitikisa ngao juu ya vichwa vyao. Nasi tulikuwa ndani ya lori lile, tumekaa mbele. Hatukusema neno. Twakumbuka kwamba tulicheka.

Sikukuu ya mavuno ilipofika tuliwaalika majirani kama ilivyo desturi, wasije. Mwaka wa pili tuliwaalika tena, wasije. Ndipo tulipokwenda kwa miguu kuwauliza, na mzee mmoja wa kanisa akatukaribisha kwa adabu, akatupa kiti na maji ya kunywa, kisha akasema, “Baba Mchungaji, siku ile tulisikia honi, nasi tulikuona umekaa mbele.” Hakuongeza neno. Tulimwomba radhi yeye na wenziwe, wakatusamehe. Lakini kusamehewa hakukuwarudisha upesi wale waimbaji wao wawili waliokwisha kuacha kwaya kwa aibu ya siku ile, na mmoja wao hajaimba kanisani hata leo.

Mwezi wa kumi kwaya hizo mbili zitakutana tena. Tumekwisha kuwaomba walimu wake kila mmoja aifundishe kwaya yake wimbo wa mwenziwe, ili matokeo yakiisha kusomwa wote wasimame mbele ya walioshindwa na kuimba wimbo wao kwanza. Mwalimu mmoja amekubali. Wa pili asema atafikiri.