Kuhamisha Chipu za Simu Iliyoingia Maji

Simu iingiapo maji ya chumvi hali betri ingali imeunganishwa, umeme hupita majini na kuila shaba ya bodi ya saketi. Hii ni elektrolisisi ile ile ifundishwayo darasani. Kuifukia simu mcheleni hakuondoi chumvi. Mara nyingi chipu zenyewe husalimika, na fundi aweza kuzihamishia kwenye bodi nzima ya simu ya aina ile ile.

Huenda mwanafunzi akadhani kwamba chipu ya kumbukumbu, yenye picha na barua, yatosha. Haitoshi. Katika simu kama iPhone, habari huandikwa kwa fumbo, na sehemu ya ufunguo wa fumbo hilo hutiwa ndani ya prosesa kiwandani, wala haisomeki kutoka nje. Kwa hiyo chipu hizo mbili sharti zihame pamoja.

Ugumu umo katika joto. Lehemu ya bati, fedha na shaba huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi za Sentigredi, na chini ya prosesa mna mamia ya vitone vyake. Joto likipungua, chipu ivutwapo hung'oka na vijisahani vya shaba. Likizidi, chipu huharibika. Prosesa ikifa, ufunguo umepotea, na hata kiwanda kilichoiunda hakiwezi kuzisoma picha hizo tena.