MTOTO HAKUI KWA UJI PEKE YAKE



Siku ya kupima watoto, kila mama huuliza: "Ana kilo ngapi?" Ni swali zuri. Liko na la pili: leo nani ameongea na mtoto huyu?

Ubongo hukua kwa kasi sana katika miaka 3 ya kwanza. Mtoto anapotoa sauti akajibiwa, anapocheka na mtu akacheka naye, ubongo wake hujengeka. Asipojibiwa siku baada ya siku, hunyamaza. Mtoto mkimya si lazima awe mtoto mpole.

Mfano kutoka Jamaika
Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, watafiti walichagua watoto 129 waliodumaa. Baadhi walipewa chakula cha ziada. Wengine walitembelewa na mhudumu wa afya saa 1 kila wiki kwa miaka 2, akimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata. Miaka 20 baadaye, waliochezewa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 hivi kuliko wenzao wasiochezewa. Chakula ni lazima, lakini hakitoshi.

Hapa kambini
Mama hurudi na kuni au maji akiwa amechoka. Mwingine ana huzuni ya aliyoyaacha nyumbani, humlisha mtoto bila kumtazama. Hilo si kosa lake, ni mzigo. Mkono mmoja haulei mwana: baba, bibi, shangazi na jirani wampokee.

Fanya hivi:
1. Unaponyonyesha, mtazame usoni, mwite jina.
2. Ongea naye kwa lugha ya kwenu unapopika au kufua.
3. Mpe kikombe, kifuniko, mwanasesere wa matambara. Usimpe kitu kidogo anachoweza kumeza.
4. Akilia, mbebe. Usimpige.
5. Anayetibiwa utapiamlo naye achezewe.

Nenda zahanati mapema ikiwa:
- ana miezi 6 na hashtuki wala hageuki asikiapo sauti;
- ana miezi 18 na hatembei;
- ameacha kufanya jambo alilokuwa akiliweza.

Mama mwenye huzuni isiyokwisha naye aje. Atasikilizwa.

Swali la kujadili nyumbani: mama akienda kwenye foleni ya mgao, nani huongea na mtoto?