Kipepeo anayepita mchana si adui wa mahindi yako



Mvua za kwanza zikianguka, mwezi wa tisa au wa kumi, hapa Uvira na katika bonde la Ruzizi tunaona vipepeo wakipita. Siku zingine ni mmoja mmoja, siku zingine ni wengi mpaka watoto wanawakimbilia barabarani. Hapo ndipo mtu anasema: «Hawa ndio wanaleta viwavi kwenye mahindi, tupige dawa!» Anakopa franga, ananunua chupa, anabeba pompi mgongoni. Juma mbili baadaye viwavi wamejaa palepale, na deni liko. Tujifunze basi: nani anapita, na nani anakula.

Wasafiri wa mchana

Kipepeo anayesifika zaidi duniani kwa safari ni monarki wa Amerika ya Kaskazini. Baridi ikikaribia anatoka Kanada na Marekani, anakwenda kulala katika milima ya Meksiko, kilometa elfu kadhaa. Mahali pale wataalamu walipajua mwaka 1975 tu, kwa msaada wa watu wa kawaida waliobandika vikaratasi kwenye mabawa na kuandika walichoona.

Sisi tunaye ndugu yake. Wataalamu wanamwita Danaus chrysippus. Yeye hakimbii baridi, anafuata mvua na majani mapya. Mtambue hivi:

– Rangi yake ni ya machungwa. Ncha za mabawa ya mbele mara nyingi ni nyeusi, na madoa meupe.
– Anaruka polepole, bila woga. Ndege wengi wanamwacha kwa sababu ni mchungu.
– Kiwavi wake ana mistari myeusi, myeupe na ya manjano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi kama pembe laini.
– Kiwavi huyo anakula mimea ya porini inayotoa maziwa meupe ukiivunja. Uchungu wake unatoka humo. Mahindi hayali, maharage hayali.

Wengine wanaopita kwa makundi ni vipepeo weupe wenye mishipa ya kahawia kwenye mabawa, na wale wa rangi ya manjano hafifu. Viwavi vyao pia vinakula vichaka na miti ya porini. Lakini tuseme ukweli: si kila kipepeo ni rafiki. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, viwavi vyake vinakula majani ya michungwa na milimao. Kwenye miche michache, viokote kwa mkono, inatosha.

Adui anakuja usiku

Anayekula mahindi ni mtoto wa kipepeo cha usiku, yaani nondo. Ni mdogo, wa kijivu na kahawia, mchana anajificha. Huyu ndiye mzazi wa kiwavijeshi vamizi, ile «chenille légionnaire» tunayoijua wote. Naye ni msafiri: alitoka Amerika, akaonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na kwa upepo mzuri anaweza kuruka karibu kilometa 100 kwa usiku mmoja. Ndiyo maana kutazama hewani mchana hakusaidii. Tutazame majani.

Kazi ya shambani

1. Mahindi yakiota, ingia shambani mara mbili kwa juma, asubuhi au jioni.
2. Tembea kwa njia ya herufi W. Simama mahali 5, kila mahali kagua mimea 10.
3. Geuza majani. Mayai yako pamoja, yamefunikwa na kitu kama pamba ya kijivu. Kundi moja linaweza kuwa na mayai 100 mpaka 200, na kwenye joto yanaanguliwa kwa siku chache tu. Yaponde kwa vidole leo, usingoje kesho.
4. Kiwavi mwenyewe ana alama ya Y iliyogeuzwa kichwani, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za meza. Mtafute ndani ya moyo wa mmea na umponde.
5. Viwavi wakizidi nguvu za mikono, uliza fundi wa kilimo wa koperative kabla ya kununua dawa yoyote.

Dawa iliyopigwa ovyo inaua nyuki wanaochavusha maboga na mboga zetu, inaua pia manyigu na siafu wanaokula viwavi bure. Na mvua ikinyesha, inateremka kwenye mito mpaka ziwani, tunakovua ndagala na kuchota maji.

Tuandike pamoja

Tunaomba kila kikundi, kuanzia Makobola mpaka Luvungi, kiwe na kaye moja. Ukiona vipepeo wengi wakipita, andika tarehe, mahali, rangi, na wanaelekea wapi: ziwani, milimani, au kando ya barabara. Ukurasa wa pili andika siku ulipokuta mayai ya kwanza kwenye mahindi. Baada ya misimu michache tutakuwa na kalenda yetu wenyewe, na tutajua juma lipi la kuamka mapema.

Swali la mkutano ujao: mwaka jana, ulipiga dawa kwa sababu uliona mayai, au kwa sababu uliona mabawa?