Hesabu Mbili za Uraia wa Marekani

Kaka yangu yuko Minneapolis kwa grini kadi. Mama alipougua, alikuja Tanga kumuuguza, akakaa miezi minane. Juzi akaniuliza kama bado anaweza kuomba uraia. Nikamjibu harakaharaka: "Si umeshafikisha miezi 30? Omba tu, kaka." Kumbe nilichanganya mambo mawili.

La kwanza ni idadi ya siku. Katika miaka 5 kabla ya kuomba, uwe umekuwapo ndani ya Marekani miezi 30 kwa jumla. Hapo unajumlisha tu.

La pili ni mfululizo wa ukaazi, na hapa kila safari inapimwa peke yake. Ukikaa nje zaidi ya miezi 6 bila kufikisha mwaka, sheria inachukulia kwamba umeukata mfululizo, ila unaruhusiwa kuleta ushahidi wa kupinga. Ukifikisha mwaka mzima, kwa kawaida umeukata kweli. Hata kibali cha kuingia tena hakikuokoi: kinasaidia kulinda grini kadi, si mfululizo.

Kwa hiyo kaka hajakosa, ila ana kazi ya kuthibitisha. Shemeji na watoto walibaki kule, kodi ya nyumba iliendelea kulipwa, kazini hakuacha. Nimemwambia akusanye karatasi zote hizo kabla ya kujaza fomu N-400.

Nawe, ndugu yako akikuambia anakuja, kabla ya kushangilia muulize: utakaa miezi mingapi?