Kuipima Kamera ya Simu ya Bei Nafuu

Na Mwalimu wa Fizikia

Wazazi kadha wa kadha waliofika hapa Siku ya Wazazi waliniuliza swali moja: "Mwalimu, simu gani ya bei nafuu yapiga picha nzuri?" Sikupenda kuwajibu kwa kutaja jina la simu, maana simu za mwaka huu si za mwaka ujao, na jina peke yake halimsaidii mtu aliyesimama dukani huku muuzaji akimsukuma kwa maneno. Lililo bora ni kujua namna ya kuipima. Nasi tulikuwa na sababu yetu ya kupima. Kamati ya gazeti hili ilipewa fedha za kununua simu moja, isiyozidi shilingi laki tatu na nusu, ili picha za gazeti zipigwe na wanafunzi wenyewe. Katika toleo moja la nyuma, picha ya Kidato cha Nne iliyopigwa na mpiga picha wa kukodiwa ilitoka hivi: mashati meupe pe, meno yaonekana, nyuso hazionekani. Mama mmoja aliutazama mstari wa nyuma kwa muda mrefu akimtafuta mwanawe, asimpate, naye kijana yumo.

Tulijaribu simu tatu, nami nitaziita A, B na C. A na C zilikuwa mpya, kila moja imeandikwa megapikseli 50. B ilikuwa ya mtumba, ya megapikseli 12, ila enzi zake ilikuwa simu ya gharama. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, zote zilikaa ofisini kwangu, zikatoka kwa saa za majaribio tu.

Kwanza tuseme juu ya hizo megapikseli, kwa kuwa ndizo zinazowababaisha watu. Ukipita madukani mjini Arusha, tokea Mnara wa Saa hata Kilombero, neno la kwanza utakaloambiwa ni "Hii ina hamsini!" Pikseli ni nukta moja ya picha, na megapikseli ni nukta milioni moja. Kamera ya kwanza ya dijitali, aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na nukta 10,000 tu. Simu ya Sharp iliyouzwa Japani mwaka 2000 ilikuwa na nukta 110,000. Basi tumefika mbali. Lakini je, gazeti letu lahitaji ngapi? Chapa nzuri hutaka nukta kama 12 kwa kila milimita. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ni milimita 100 kwa 150, yaani nukta 1,200 kwa 1,800. Zidisha, utapata 2,160,000. Megapikseli mbili na kidogo zatosha! Hata cheti kizima cha ukubwa wa karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297, chahitaji nukta kama milioni 9, wala hazifiki 50.

Tena hiyo hamsini yenyewe si hamsini wakati wote. Simu nyingi za namna hii huunganisha nukta nne kuwa moja, ili ile moja ipate mwanga zaidi, na picha unayoipata ni ya megapikseli 12 na nusu. Si udanganyifu, ni hesabu ya busara. Ila mnunuzi hakuambiwa.

Kwa nini nukta zihitaji kusaidiana? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Nyuma ya lenzi mna kigae kidogo kiitwacho kihisi, kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Katika simu nyingi za megapikseli 50 za bei nafuu, kigae hicho kina upana wa milimita 5 na kimo cha milimita 4 hivi, yaani eneo la milimita za mraba 20. Filamu ya kamera za zamani za studio ilikuwa milimita 36 kwa 24, ambayo ni 864. Yaani filamu ilikuwa kubwa mara arubaini na zaidi. Ni kama watu wawili wanaokinga maji ya mvua, mmoja kwa kikombe na mwingine kwa beseni. Mvua ikiwa kubwa, wote watapata ya kunywa. Ikiwa ya manyunyu, mwenye kikombe atalala na kiu. Kwa ajili hiyo simu ya bei nafuu hupiga vizuri saa tatu asubuhi uwanjani, na usiku bwenini hushindwa.

Usihesabu macho yaliyo mgongoni mwa simu, vile vile. A ilikuwa na macho matatu makubwa ya kupendeza. Tulipoziba moja baada ya jingine kwa kidole, tukaona kwamba jicho moja tu ndilo linalopiga picha za kawaida. La pili lilikuwa la kupigia vitu vya karibu, megapikseli 2. La tatu tuliliziba na kulizibua, pasipo tofauti yoyote. Kuna simu ambazo jicho la namna hiyo lina nukta 76,800 tu, chini ya zile za simu ya Japani ya mwaka 2000. Jaribio hili la kidole halina gharama, na muuzaji hawezi kulikataa.

Sasa nyuso. Juu ya jambo hili nitakaa kidogo, maana ndilo lililotuleta hapa.

Kamera haijui kwamba inamtazama mtoto wa mtu. Hupima mwanga wote ulio mbele yake, ikachukua wastani. Shati jeupe lililofuliwa vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoliangukia. Uso wa mtu mweusi huenda ukarudisha asilimia 10, au chini yake. Wapange vijana arubaini wenye mashati meupe mbele ya ukuta mweupe, na juu yao mbingu ing'aayo; kamera itasema, "Hapa mwanga ni mwingi mno," nayo itaupunguza. Mashati yatatoka vizuri, na nyuso zitazama gizani. Tena sisi tupo karibu nyuzi 3 na nusu tu kusini mwa Ikweta. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita karibu kabisa juu ya utosi, kama saa sita na nusu mchana, na kivuli cha paji la uso huyafunika macho. Na picha za shule hupigwa saa ngapi? Aghalabu baada ya vipindi vya asubuhi, yaani saa hiyo hiyo.

Wala si jua peke yake lenye lawama. Tangu miaka ya 1950 Kodak iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke mzungu, nayo ikajulikana kama kadi ya Shirley. Ngozi yake ikawa ndiyo kipimo, na mtu mwenye ngozi nyingine alitoka alivyotoka. Watu waliochunguza habari hii wameeleza kwamba waliolalamika mapema, wakasikilizwa, walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikuonekana vizuri pichani. Yaani kabati lilitangulia kupata haki yake kabla ya mtu. Siku hizi mambo yamebadilika kiasi. Kampuni ya Transsion ya China, yenye chapa za Tecno, Infinix na itel, ilijipatia soko kubwa Afrika, na sababu mojawapo ni kuzirekebisha kamera zake kwa ajili ya ngozi nyeusi. Google nayo mwaka 2021 ilitangaza kazi ya namna hiyo katika simu zake.

Lakini kurekebisha ni jambo moja, na kupaka poda ni jambo jingine. Tuliwasimamisha wanafunzi watatu wenye rangi mbalimbali chini ya mjakaranda, kivulini, saa nne asubuhi. A iliwatoa wote watatu karibu rangi moja, laini kama vikombe vya udongo. Kovu dogo la kijana mmoja juu ya nyusi lilikuwa limefutika. "Mwalimu, huyu ni ndugu yangu, si mimi," akasema, na wenzake wakacheka. Tuliingia katika mipangilio ya simu tukakuta kuna sehemu ya kupamba uso, nayo imewashwa toka dukani. Tulipoizima, kovu likarudi. B ilikuwa ya kwanza kwa nyuso bila kuguswa lolote. C iliwatoa weusi kupita walivyo, lakini tulipogusa uso kwa kidole kwenye kioo, kisha tukapandisha kidogo alama ya jua iliyotokea, ikawatoa sawasawa. Hiyo alama ya jua ni ya thamani kuliko megapikseli 30. Nayo maua ya mjakaranda, ambayo kila mkazi wa Arusha ayajua kuwa ya zambarau, A iliyachora ya buluu.

Kwa mbali tulitumia Mlima Meru, uliopo kaskazini mwetu bila malipo. Tuliupiga kukicha, kabla mawingu hayajaufunika, na mabati ya bweni yakiwa mbele. Usiitazame picha ya namna hii nzima nzima, kwa sababu katika kioo kidogo kila mlima ni mzuri. Ikuze mpaka uone miti. Katika A msitu uligeuka kama rangi ya maji iliyomwagika. Katika B na C uliweza kuona mahali msitu unapokoma na mwamba unapoanza. Kisha tulijaribu kuuvuta karibu kwa vidole. Jueni, vijana, kwamba katika simu hizi kuvuta karibu ni kukata picha tu. Ukivuta mara mbili, umebakiwa na robo ya nukta; ukivuta mara nne, moja ya kumi na sita. Heri kutembea kwa miguu.

Jaribio jingine lilitoka kwa mzazi mmoja wa huko Nkoaranga, mwenye kahawa na migomba. Yeye hahitaji picha za nyuso. Yataka ampelekee Bwana Shamba picha ya jani, ajibiwe kama ni kutu ya majani au la, kabla ugonjwa haujaenea. Alama ya kutu ni unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Kamera inayolainisha kila kitu huufuta unga huo, na ile inayoongeza kijani huufanya jani la mgonjwa liwe zima. Tulichuma jani lenye unga, tukalipiga kwa simu zote. Lile jicho la A la vitu vya karibu lilitoa picha mbovu kuliko zote! Afadhali jicho kuu, umbali wa sentimita 10 hivi, kisha ukate picha baadaye. Weka na kipande cha karatasi nyeupe kando ya jani. Karatasi ikitoka ya njano au ya buluu, Bwana Shamba atajua kwamba rangi zote zimepotoka.

Usiku, wakati wa kujisomea, tulipiga darasa chini ya taa. Simu ikikosa mwanga hukaa na jicho wazi kwa muda mrefu zaidi. Waliotulia kama nguzo walitoka vizuri katika B, kwa kadiri katika C. Aliyegeuza kichwa alipata pua mbili. Hesabu yake ni nyepesi. Mkimbiaji wa mita 5 kwa sekunde, jicho likiwa wazi kwa 1/15 ya sekunde, husogea sentimita 33. Likiwa wazi kwa 1/500, husogea sentimita 1. Hivyo mashindano yapigwe mchana wa jua, na jioni mpigeni mshindi akiwa amesimama na kikombe chake. Video sikuzipima sana, gazeti halichapi video.

Liko jambo moja ambalo si la kamera, ila huiharibu kazi yake yote. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa njiani ili iwe nyepesi. Itume kama faili. Wanaomaliza shule walizingatie hili, kwa kuwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu siku hizi hupelekwa kwa mtandao pamoja na viambatanisho, na cheti ambacho namba yake haisomeki ni sawa na cheti kisichokuwapo.

Kamati ilinunua C. B iliishinda kwa picha, lakini batri yake ilikwisha kabla ya saa nane mchana, na simu ya mtumba haina dhamana. Picha ya Kidato cha Nne ya toleo hili imepigwa kwa C, saa mbili na nusu asubuhi, upande wa kivuli wa maktaba, mbele ya ukuta usiopakwa chokaa, na kidole kimegusa uso wa kijana wa mstari wa kati. Mstari wa nyuma waonekana wote kumi na mmoja.

Maswali, kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili. Majibu yaletwe ofisini kwangu kabla ya kufunga shule:

1. Picha ya ukutani ya sentimita 20 kwa 30 yahitaji megapikseli ngapi, kwa nukta 12 kila milimita? Je, C itatosha?

2. Mkimbiaji wa mita 8 kwa sekunde atasogea sentimita ngapi, jicho likiwa wazi kwa 1/250 ya sekunde?