SOMO: JIWE LA MIZANI KATIKA MISRI YA ZAMANI



Msimu uliopita mama alipeleka gunia ya mpunga sokoni hapa Isangi. Mizani ya mnunuzi ilisema kilo 46. Tukaona mashaka, tukaipima gunia kwa jirani: kilo 51. Mpunga ni ule ule! Kilo tano zilipotea wapi? Ni juu ya ulizo hilo naandika somo hili.

1. DEBEN NA KITE. Wamisri wa zamani waliweka jiwe upande mmoja wa mizani na kitu upande wa pili. Kipimo chao kiliitwa deben. Katika Ufalme Mpya, tangu karibu mwaka 1550 mbele ya Kristo, deben 1 ilikuwa karibu gramu 91. Iligawanywa kwa kite 10. Lakini angalieni: zamani zaidi deben ilikuwa nyepesi kuliko hiyo. Jina moja, uzito mbalimbali.

2. BEI BILA PESA. Katika kijiji cha Deir el-Medina waliishi wafanyakazi waliochimba makaburi ya wafalme. Waliandika bei kwa deben za shaba juu ya vipande vya vyungu. Jozi ya viatu mara nyingi ilikuwa deben 1 au 2. Tena si lazima mtu atoe shaba yenyewe. Aliweza kutoa nafaka ya bei ile. Wazee wetu, Walokele na Watopoke, walikuwa na liganda, chuma kirefu kama mkuki mkubwa, cha kulipia mahari. Lakini liganda ilihesabiwa, deben ilipimwa.

3. UDANGANYIFU. Amenemope, mwenye hekima wa Misri, alionya watu wasiharibu mizani. Mithali 11:1 inakataza jambo lile lile. Shekeli ya Yuda ilikuwa karibu gramu 11, na mawe yake mengi yalichorwa tarakimu za Kimisri. Shekeli 8 zilikaribia deben 1.

Basi, kumbe jiwe jema ni lile linalojulikana na wote wawili. Na sisi tunalo: maji. Litre 20 za maji ni kilo 20. Pima kwanza bidoni tupu, ujaze litre 20, upime tena. Kama mizani haiongezi kilo 20, usiuze mpunga pale.

MAULIZO
a) Viatu vya deben 2 ni kite ngapi? Ni gramu ngapi za shaba?
b) Shekeli 16 ni karibu deben ngapi?
c) Mizani yetu ilipunguza kilo 5 kwa 51. Kwa magunia 10 kama lile, mama angepoteza kilo ngapi?

Kapita wa wanafunzi, darasa ya sita